Nani kamfundisha inzi dume kubembeleza? Habari ya jeni moja inayokatwa namna mbili

Bibi yangu anauza ndizi mbivu na maembe barazani kwake hapa Ujiji. Ndizi zinashuka toka Kalinzi asubuhi mapema, na ikifika msimu wa maembe karai lake linakuwaga na inzi wadogo wadogo kama wingu, wale wa rangi ya udongo wenye macho mekundu, ambao ukimlaza mmoja sambamba na punje ya mtama haizidi. Bibi anawapunga na upande wa khanga siku nzima, na anaamini kabisa wanazaliwa na ndizi yenyewe ikishaiva kupita kiasi. Nilimwambia, bibi, hawa wanatoka kwenye mayai, wanatagwa kama wadudu wengine tu. Akanijibu, "Mume wangu, mimi nauza ndizi toka mama yako hajazaliwa." Nikanyamaza kwa heshima, ila nikaondoka na ndizi yangu moja iliyopondeka na glasi.

Kabla sijaenda mbele niweke hili sawa, maana mtu wa kilimo akisikia "inzi wa matunda" anawaza mwingine kabisa, yule mharibifu wa maembe ambaye kitaalamu ni Bactrocera dorsalis, aliyegundulika Kenya mwaka 2003 akasambaa sehemu kubwa ya Afrika kwa kasi ya kutisha. Yule ni mkubwa, anatoboa embe zima likiwa bado mtini na kutagia ndani. Huyu wa karai la bibi ni familia nyingine, anaitwa Drosophila, na yeye hana nguvu ya kutoboa embe zima, anakuja tunda likishapasuka au kuanza kuchacha kwa sababu chakula chake hasa ni hamira inayoota pale. Kwa hiyo tusimbebeshe lawama za mwenzie. Anayejulikana zaidi kwenye ukoo huo ni Drosophila melanogaster, na ni wa kwetu huyu, asili yake Afrika. Mwaka 2018 watafiti waliandika kwamba waliwakuta wakiishi porini kwenye mapango ya Matopos kule Zimbabwe, wanakula matunda ya mng'ongo. Wenyeji wa Tabora mng'ongo mnaujua, na zile njano zake zinavyochacha chini ya mti mnazijua pia. Kutoka kwenye misitu hiyo mdudu akamfuata binadamu mpaka akazunguka dunia nzima.

Sasa nilichofanya. Nilitia kipande cha ndizi kwenye glasi, nikaacha inzi waingie, nikafunika na nailoni niliyoitoboa kwa sindano. Baada ya siku mbili nikawafungulia wakaenda zao, nikabaki na glasi peke yake. Wakatokea mabuu, mabuu wakapanda ukutani mwa glasi wakageuka pupa, vitu vya kahawia kama punje za simsim. Hapo nikachukua pupa sita, kila mmoja nikamweka kwenye kichupa chake cha dawa kilichooshwa vizuri na kipande kidogo cha ndizi, nikaziba na pamba. Kigoma na joto letu hili, toka yai mpaka inzi mzima ni kama siku 10 tu. Walipotoka wote nikawaangalia kwa tochi na kamera ya simu niliyovuta karibu, ni rahisi kuwatofautisha ukishazoea, dume mdogo na ncha ya tumbo lake nyeusi tii, jike mkubwa na tumbo lina mistari na limechongoka mwishoni. Nikapata madume wawili na majike wanne.

Fikiria hali ya yule dume. Hajawahi kumuona baba yake, hajawahi kuona inzi mwingine yeyote tangu atoke kwenye ganda, siku nne nzima yuko peke yake na ndizi na pamba. Nikamwingiza jike. Sekunde chache dume akasimama, akageuka kumtazama, akaanza kumfuata nyuma nyuma. Akamgonga tumboni kwa mguu wa mbele, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Alafu akanyoosha bawa moja, moja tu, lile la upande wa jike, akalitetemesha. Jike akakata kona, dume akazunguka, akakunja bawa la kushoto akanyoosha la kulia. Nilimwita bibi. Akainama, akaangalia kwenye kioo cha simu muda mrefu kweli, akasema neno moja, "Anabembeleza."

Ndo hivyo hasa. Ile kutetemesha bawa ni wimbo. Sikio letu halisikii kitu kwa umbali huo ila jike anausikia kwa antena zake, na wimbo wenyewe una kanuni, kuna sehemu ya mlio unaoendelea na kuna sehemu ya midundo, na kwa melanogaster ukiigawa sekunde moja vipande elfu moja, kati ya mdundo na mdundo vinapita kama vipande 35. Ndugu yake wa karibu, Drosophila simulans, wanayefanana mpaka wataalamu wanalazimika kuangalia viungo vya uzazi kwa darubini, yeye midundo yake inaachana zaidi, kama 50 hivi. Baada ya wimbo dume analamba, anakunja tumbo, akikubaliwa wanapandana dakika 20 hivi. Ni mlolongo uleule, kwa mpangilio uleule, kwa kila dume mzima, na jike hafanyi hata kimoja kati ya hivyo. Basi swali la makala yote hii ni hilo, ule wimbo uko wapi ndani ya inzi, na kwa nini uko kwa dume tu? Nikuahidi tu kwamba nusu ya pili ya swali hilo ina jibu ambalo mimi lilinishangaza sana, kwa sababu swali lenyewe limekosewa.

Huyu inzi amesomwa kuliko mdudu mwingine yeyote. Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alimpata dume mwenye macho meupe mwaka 1910 katikati ya wenzie wenye macho mekundu na kwa kumfuatilia huyo akaonyesha kwamba jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa ndani ya seli, zinakaa kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, jambo lililompa tuzo ya Nobel mwaka 1933. Inzi ana jozi 4 tu za kromosomu, anazaa haraka, anakula ndizi. Ila rangi ya macho ni kitu kimoja, tabia ni kingine, na kwa muda mrefu watu walikuwa hawaamini kwamba tabia nzima inaweza kushikwa na jeni unayoweza kuionyesha kidole.

Mwaka 1963 mtafiti Kulbir Gill akaripoti kuhusu madume wa ajabu. Jeni moja ilikuwa imeharibika, na madume hao walikuwa wanawabembeleza madume wenzao sawa na majike, bila kuchagua, na hawakuzalisha kabisa. Jeni hiyo leo inaitwa fruitless, yaani isiyo na matunda, kwa kifupi fru. Aliyeipa jina hilo na kuisukuma mbele ni Jeffrey Hall, huyo huyo ambaye mwaka 2017 alipata Nobel pamoja na wenzie wawili kwa kazi ya saa ya ndani ya mwili, kazi ambayo nayo waliifanya kwa inzi hawa hawa. Ilichukua mpaka 1996 jeni yenyewe kupatikana na kusomwa herufi kwa herufi. Ikakutwa ni jeni kubwa mno, herufi zaidi ya laki moja, na ina kazi nyingine kibao mwilini ambazo dume na jike wote wanazihitaji ili wawe hai. Sehemu yake moja tu ndo inahusika na habari yetu.

Kuelewa sehemu hiyo lazima kwanza tujue inzi anajijuaje kama ni dume au jike, maana siyo kama sisi. Kwa binadamu kromosomu Y ndo inabeba jeni ya kuanzisha ujenzi wa mtoto wa kiume, alafu homoni zinasambaa kwenye damu na mwili mzima unapata taarifa. Kwa inzi Y haiamui chochote kuhusu jinsia, dume asiye na Y ni dume kamili kwa sura na tabia, tatizo lake ni kwamba hazai. Kinachoamua ni hesabu ya kromosomu X. Ukiwa na X mbili jeni inayoitwa Sxl inawaka, ukiwa na moja inabaki imezima. Na hesabu hiyo kila seli inajifanyia yenyewe! Hakuna tangazo la mwili mzima. Ndo maana kuna inzi wachache wanaozaliwa mchanganyiko, upande mmoja wa mwili jike upande mwingine dume, kwa sababu seli moja mwanzoni kabisa ilipoteza X moja wakati wa kugawanyika na watoto wake wote wakawa wa kiume. Miaka ya 1970 watafiti waliwatumia inzi hao kama ramani, wakawa wanauliza, ni sehemu ipi lazima iwe ya kiume ili mdudu aanze kubembeleza? Jibu likawa, sehemu ya juu nyuma ya ubongo. Na ili wimbo utoke vizuri, lazima na fundo la neva la kifuani nalo liwe la kiume. Yaani unaweza kuwa na mwili wa kike na ukafuata jike kama dume ikiwa ile sehemu ya ubongo tu ni ya kiume. Hapo watu wakajua wanatafuta kitu ndani ya neva, siyo kwenye damu wala kwenye viungo vya uzazi.

Sasa tuje kwenye mkasi. Jeni haifanyi kazi moja kwa moja, seli inatoa nakala yake kwanza, na nakala ikitoka inakuwa na vipande vya kutupa na vipande vya kuunga. Kukata na kuunga huko ndo kuna siri yote. Chukua kitenge, pea moja, hivi vya kutoka ng'ambo ya ziwa, mpelekee fundi pale Mwanga. Kitenge ni kilekile, fundi ni yuleyule, mkasi uleule, ila ukimwambia shati anaanza kukata hapa na ukimwambia gauni anaanza kukata pale, na mwishoni hakuna mtu atakayesema hivi vimetoka kitambaa kimoja. Jeni ya fru ni kitenge hicho. Dume na jike wote wanayo, ni ileile herufi kwa herufi, haiko kwenye X wala Y. Kwa jike, Sxl ikiwaka inafanya protini inayoitwa Tra itengenezwe, na Tra anakuja kusimama juu ya nakala ya fru kama mtu aliyemsimamia fundi, anasema kata hapa. Ukikata hapo, kwenye ujumbe inabaki alama ya kituo mapema sana, msomaji anafika pale anasimama, protini haitengenezwi. Kwa dume Sxl imezima, Tra hayupo, fundi anakata anapokatiaga siku zote, ujumbe unasomeka mpaka mwisho, inatoka protini inayoitwa FruM. Herufi M ni ya kiume.

Kwa hiyo tofauti siyo kwamba dume kapewa jeni ya kubembeleza na jike kanyimwa. Wote wanayo. Tofauti ni mkasi umepita wapi.

Wazo hilo ni zuri, ila wazo zuri siyo ushahidi. Ushahidi ulikuja 2005 kutoka Vienna, Austria, kwa Ebru Demir na Barry Dickson. Walichofanya ni kuondoa hiari ya mkasi. Waliwatengeneza majike ambao fru yao haina namna nyingine ila kukatwa kiume, Tra awepo asiwepo, na wakatengeneza madume ambao fru yao lazima ikatwe kike. Kila kitu kingine mwilini wakakiacha. Majike wale walikuwa majike kwa sura, tumbo la mistari, ovari ndani, X mbili, kila kitu. Ukiwaweka na jike mwenzao, wakageuka wakamtazama, wakamfuata, wakamgonga na mguu, wakanyoosha bawa. Hatua kwa hatua, mpaka kwenye mlango wa kupandana kwenyewe ambapo mlolongo uliishia. Na madume waliokatiwa kike, wazima wa afya, walikaa tu, kubembeleza kwao kukawa karibu hakuna. Mabadiliko ya mkasi kwenye sehemu moja ya jeni moja, tabia nzima inahama toka jinsia moja kwenda nyingine. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilirudia mara tatu.

Ila hapa ndo watu wengi wanapoteleza, wanasema "basi fru ni jeni ya kubembeleza." Hapana bana. FruM ni protini inayokaa kwenye kiini cha seli ya neva na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Haina wimbo ndani yake. Inachofanya, tangu mdudu akiwa pupa, ni kusimamia ujenzi: seli gani iishi, ipi ife, waya wake uelekee wapi, ushikane na nani. Seli za neva zinazohusika na fru ni kama 2000, sehemu ndogo sana ya neva zote za inzi. Ili upate picha, ramani kamili ya ubongo wa jike mmoja iliyochapishwa 2024 ilihesabu seli 139,255. Kwa hiyo ni watu wachache sana kwenye mji mkubwa, ila wanajuana wote, kwa sababu seli hizo zinaanzia kwenye antena na miguu zinakopokea harufu na ladha, zinapita ubongoni, zinashuka mpaka kifuani kwenye misuli ya bawa. Mlolongo mzima umetiwa alama na jeni moja.

Mfano wa kuona kwa macho. Kuna kundi la seli linaitwa mAL. Dume anazo 30 kila upande wa ubongo, jike ana 5. Siyo kwamba jike hakuumbiwa, alizaliwa nazo, zikajiua zenyewe wakati wa kukua kwa sababu FruM haikuwepo kuzizuia. Kundi jingine, P1, kama seli 20 kila upande, lipo kwa dume peke yake, na hapa anayeua upande wa kike ni protini ya jeni nyingine, doublesex, kwa kifupi dsx, ambayo nayo inakatwa na Tra huyo huyo, ila yenyewe inatoa protini kwa jinsia zote mbili, ya kike na ya kiume tofauti. Dsx ndo inayochora mwili, ncha nyeusi ya tumbo, vitana vidogo kwenye miguu ya mbele ya dume, na kumbe inashika na ubongo pia. Fru na dsx ni mafundi wawili kwenye nyumba moja. Ile hatua ya mwisho waliyokosa majike wa Vienna, na ule mlio unaoendelea kwenye wimbo, vinamhitaji dsx.

P1 ndo kiti cha uamuzi. Ukiziwasha hizo seli kwa mwanga au joto, kwa mbinu za maabara, dume anaanza kubembeleza hata kitu kisicho na uhai mradi kinasogea mbele yake. Katika maisha ya kawaida anayeziwasha ni mguu. Ile hodi ya mguu wa mbele niliyoiona kwenye kichupa ni kuonja, dume anaonja nta ya ngozi ya jike, na ladha ile inapita njia mbili, moja inaisukuma P1 na nyingine, kupitia mAL, inaishika breki. Akimgonga dume mwenzie breki inashinda. Akimgonga jike wa kabila lake msukumo unashinda. Sasa angalia uzuri wa hii kitu, kwa simulans, yule ndugu yake wanayefanana, ladha ileile ya jike wa melanogaster inamfanya dume aache. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mguu wa simulans unaionja vizuri tu, waya ni zilezile, kilichobadilika ni mizani kati ya msukumo na breki kwenye P1. Makabila mawili ya inzi yanatenganishwa na uzito wa mizani.

Na sasa lile nililoahidi, kwamba swali langu la mwanzo lilikosewa. Nilisema kwa nini wimbo uko kwa dume tu. Mwaka 2008 Dylan Clyne na Gero Miesenböck walichukua inzi waliokatwa kichwa, ndio, kichwa kimeondolewa, mwili wa inzi unaweza kusimama bila kichwa kwa muda, alafu wakaziwasha zile neva za fru za kifuani kwa mwanga wa leza. Madume wakanyoosha bawa wakaimba. Majike wakanyoosha bawa wakaimba! Wimbo wao haukukaa sawa, midundo yake haikupangika kama ya dume, lakini ulikuwa wimbo, unatoka kwa kiumbe ambaye katika maisha yake yote hajawahi kuimba wimbo wa kubembeleza na mama yake hajawahi kuuimba. Fundo la kufanya wimbo lilikuwepo kifuani muda wote. Kilichokuwa hakipo ni amri kutoka kichwani, zile seli kama P1 ambazo kwake zilikufa akiwa pupa. Kwa hiyo dume na jike hawana mashine mbili, wana mashine moja kwa sehemu kubwa na funguo tofauti. Nikimtazama jike kwenye kichupa ametulia anasikiliza, najua ule wimbo anaousikia na yeye anao kifuani.

Mazingira nayo yana sauti, tusijidanganye. Dume anayekataliwa na jike aliyekwisha kupandana anapunguza kubembeleza kwa masaa kadhaa, hata kwa jike ambaye angemkubali, hilo lilionyeshwa 1979 na Siegel na Hall. Mwaka 2012 ikaonekana madume waliokataliwa wanachagua chakula chenye kilevi zaidi kuliko waliokubaliwa. Na la 2014 ndo linalovunja kabisa ile hadithi ya jeni moja tabia moja: Yufeng Pan na Bruce Baker walilea madume wasiokuwa na FruM kabisa. Waliolelewa peke yao hawakubembeleza. Waliowekwa na wenzao siku kadhaa walianza kubembeleza, wamejifunza, kwa msaada wa dsx. Kwa hiyo FruM inampa dume uwezo wa kubembeleza hata akizaliwa kwenye kichupa changu peke yake, ila bila hiyo njia haijafungwa moja kwa moja, inahitaji tu jamii.

Kuna watu wakisoma habari za fru wanarukia binadamu hapo hapo, na hii inaniuma kwa sababu naona inavyotumika kuwasema watu. Hatuna mkasi wa Tra unaoamua jinsia yetu. Kwetu homoni zinapita mwili mzima, ubongo una mabilioni ya seli, na miaka ya malezi na lugha na mila juu yake. Inzi anatufundisha jinsi jeni inavyoweza kujenga mtandao wa neva na mtandao ukazaa tabia, na hilo ni kubwa la kutosha. Hatufundishi jirani yako yukoje.

Nirudi kwenye vichupa. Dume wa kwanza alikubaliwa. Wa pili nikamjaribu na jike ambaye jana yake alikuwa ameshapandana na yule wa kwanza. Akamfuata, akagonga, akaimba, bawa la kushoto, bawa la kulia, karibu nusu saa. Jike akawa anamrushia mateke ya nyuma, anakimbia, mwishoni akatoa mrija wake wa kutagia akamsukumia dume usoni. Bibi alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele, akatupa jicho kwenye simu, akasema, "Huyo keshaolewa, mwache."

Nilimuuliza amejuaje. Hakujibu, ila alikuwa sawa. Mbegu za dume zinakuja na protini ndogo, peptidi, inayoingia mwilini mwa jike na kushika kipokezi kwenye neva zake chache za sehemu ya uzazi, kipokezi kilichogundulika 2008, na neva hizo nazo ni za familia ya fru na dsx. Taarifa inapanda mpaka ubongoni, na kwa muda kama wa wiki nzima jike anabadilika, wimbo uleule uliomtuliza jana leo unamkera, na nguvu yake yote inakwenda kwenye kutaga. Jike ambaye hajapewa peptidi hiyo anasikiliza, midundo ikiwa na nafasi sahihi anapunguza mwendo, anafungua. Mtandao wa jike haujasomwa kwa wingi kama wa dume na kwangu mimi huo ni upungufu, maana mwamuzi wa mwisho kwenye kichupa siku zote alikuwa yeye.

Kesho yake asubuhi nilikivuta kichupa kile karibu na dirisha. Juu ya ndizi kulikuwa na vitu vyeupe vidogo mno, nusu milimita, virefu kama punje ya mchele, na kila kimoja kina nyuzi mbili upande mmoja zimechomoza nje ya ndizi. Nikapiga picha, nikaikuza, nikampelekea bibi barazani. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaangalia, akaangalia ndizi zake, akaangalia tena.

"Kumbe mayai," akasema. Alafu akaivua ile khanga begani akafunika karai.